Ukiulizwa Ng'ombe wa Babu Yako

Chonyonyo, jioni ya kuamkia safari yako

Kemilembe, mtoto wangu wa kwanza,

Umekwenda kwa babu yako, baba yangu mimi, kuaga, na mimi nimekaa nyuma ya jiko, kibao cha kumenyea ndizi nimekipakata ndicho meza. Nataka nimalize kabla hujarudi. Ukinikuta naandika utataka kusoma, na ukianza kusoma mbele yangu nitakunyang'anya karatasi. Nitaificha katikati ya nguo zako, utaikuta huko huko.

Mambo ya sabuni na shuka, na kutoazima watu kanga yako, sikuandikii. Shangazi yako amekwisha kukuambia yote, na kesho atakuambia tena pale Omurushaka wakati lori linapakia, mbele ya watu, mpaka uone haya. Mimi nina jambo moja tu, na limeniudhi tangu juzi mpaka maharage nimepika bila chumvi na baba yako akala kimya.

Ni lile neno. Have.

Unajua nyumbani tunaongea Kinyambo, na Kiswahili hiki naandika kwa sababu ndicho nilichofundishwa kushikia kalamu. Kiingereza nilikionja tu. Na katika huko kuonja, kilichobaki mdomoni ni neno hilo moja, nami silipendi mpaka leo. Mwalimu wetu wa misheni alilitamka hevu, na sisi wasichana tukaimba hevu, hevu, hevu, kama watu wanaofukuza ndege shambani. Akatuambia maana yake ni kuwa na kitu, basi, akafuta ubao.

Kumbe alikuwa ametupa kipande tu. Wiki iliyofuata neno likarudi limevaa nguo nyingine. Mtu anakunywa chai, ni have. Mtu anaumwa kichwa, have. Mtu analazimika kwenda asikotaka, have. Mtu amekwisha kula, lipo hapo tena, limejibanza mbele ya kitendo. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu mwenye chai, bado anayo au amekwisha kuinywa?" Wenzangu wakacheka, naye akanipiga rula ya vidole akidhani namfanyia mzaha. Nami nilikuwa nauliza kweli! Sisi tunasema homa imemshika mtoto. Wao wanasema mtoto ndiye mwenye homa, kana kwamba anaimiliki, anaweza kumpa jirani. Mtu atayaelewaje mambo hayo kwa kufuta ubao?

Nilikuja kuyaelewa mwenyewe, baada ya kuacha shule, nikipalilia kahawa ya baba yako huku nayarudiarudia sentensi za Mwalimu. Neno hilo usilitafutie maana likiwa peke yake, utaumiza kichwa bure. Tazama linafuatwa na nini. Likifuatwa na chai, mtu anakunywa. Likifuatwa na homa, mtu anaumwa. Likifuatwa na lile neno dogo la to, jua huna hiari. Hayo nimekwisha kukuonyesha, na wewe umeyashika kuliko mimi, sina wasiwasi. Hasira yangu haiko hapo.

Iko kwenye ng'ombe.

Unakumbuka ya juzi, lakini ngoja niyaseme nilivyoyaona mimi. Mwalimu Elikana wa shule yenu ya hapa alikuja kukupima kwa sababu wote tunajua mnavyopokelewa kule shule ya bweni unakokwenda. Mama mkuu wa shule anamsimamisha kila msichana mbele ya meza yake na kumwuliza kwa Kiingereza, na anayeshindwa kujibu anarudishwa kwa lori lile lile lililomleta. Feliksia wa jirani yetu alirudi hivyo mwaka jana. Tulimwona akipita na sanduku kichwani, kamba ambayo mama yake aliifunga haijafunguliwa hata fundo. Siku hizi akiona watu wanakuja na madaftari anapinda njia ya migombani.

Basi Mwalimu akakaa kwenye kigoda, bibi yako, mama wa baba yako, akiambua maharage pembeni. Akakuuliza jina, ukajibu vizuri. Akakuuliza kama una kaka, ukajibu, na sauti ikatoka. Nikaanza kutabasamu mwenyewe. Ndipo akauliza, kwa Kiingereza hicho hicho, babu yako ana ng'ombe wangapi.

Ukatazama vidole vya miguu.

Akauliza tena, polepole. Ukaanza kuchora mavumbini kwa kidole gumba.

"Hajui," Mwalimu akasema.

"Anajua!" nikasema mimi. "Kemilembe, si umesikia alivyouliza?"

"Nimesikia, mama."

"Basi mjibu!"

Bibi yako ndiye aliyecheka. "Mwacheni mtoto, ana adabu zake. Mwalimu, kwani ng'ombe wa watu unawatakia nini? Unataka kuja kuwaiba?"

"Mama, ni mtihani tu," Mwalimu akasema.

"Mtihani wa zizi la watu!" akajibu, na maharage yakaendelea kuruka.

Nami nikasema neno lile. Nilisema, basi baki hapa upalilie kahawa mpaka uzeeke, nikatupa ungo, maganda yakamwagika uani. Ukaenda nyuma ya nyumba. Tangu hapo umekuwa ukiniitikia "ndiyo mama" na "hapana mama" kama mgeni.

Mwanangu, sikukukasirikia wewe. Nilikuona umesimama vile, shingo imelala upande, nikajiona mimi.

Nilikuwa na umri unaokaribia wako. Mkaguzi Mzungu alikuja misheni kuchagua wasichana wachache wa kuendelea mbele, wawe walimu. Mwalimu alikwisha kuniambia niko miongoni mwao, na mimi nilikwisha kumwambia kila mtu. Nilifua gauni langu mtoni nikakaa ubavuni mwake mpaka likauka, nikiogopa ndama wasije wakalitafuna. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, pua imebabuka kwa jua. Akaniuliza, baba yako ana ng'ombe?

Neno langu hilo! Niliyelipigiwa rula! Nilijua kila kitu alichosema.

Lakini wewe umekulia kwenye migomba, pengine hujui yote ya kukulia kule nyikani kwa wafugaji. Kwetu ng'ombe hawatajwi idadi. Mgeni akimwuliza baba yangu, hujibu, "Tuna kidogo cha kututolea maziwa ya watoto," na huku zizi limejaa mpaka pembe zinagongana. Anayetaja idadi anaita ugonjwa. Wazee waliona ng'ombe wakianguka kwa sotoka mpaka hakuna aliyebaki wa kukamuliwa, na wapo walioamini ni kwa sababu ya watu waliojisifia mifugo. Tangu sijajua kutembea vizuri nilifundishwa hivyo. Jioni wakirudi, baba huwatazama mmoja mmoja kwa rangi na kwa jina. Akikosekana mmoja anajua, lakini namba haipiti mdomoni.

Basi nikamjibu mkaguzi kama mtoto wa mfugaji anavyomjibu mgeni. Nikasema kwa Kiingereza kwamba hatuna ng'ombe.

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi niliyenukia samli mpaka kwenye madaftari! Msichana mmoja akasema kwa sauti, "Labda wale ni panya wenye pembe." Mwalimu akawa mwekundu wa macho. "Anasema uongo, bwana. Baba yake ana ng'ombe wengi sana." Mkaguzi akaniuliza tena, kwa upole uliozidi wa kwanza, wangapi? Nikachora chini kwa kidole cha mguu, Kemilembe, hivyo hivyo kama ulivyochora.

Akamgeukia Paulina aliyekaa nyuma yangu. Baba yake Paulina hakuwa na hata kuku wa kutaga. Paulina akasimama wima akasema baba yake ana ng'ombe kumi, tena akaongeza mbuzi bila kuulizwa. Mkaguzi akatabasamu. Paulina akaendelea mbele.

Mimi nikarudi nyumbani nikamwambia baba nimechoka na shule. Hakuuliza sana. Muda si mrefu akaja mshenga wa ukoo wa baba yako, nawe ukazaliwa nikiwa bado naota nimesimama mbele ya ubao. Mpaka leo watu wakituona tukifuatana sokoni hudhani wewe ni mdogo wangu. Sijutii kukuzaa, usifikiri hivyo hata siku moja. Lakini kwa miaka mingi nilimchukia Paulina kwa uongo wake, na mkaguzi kwa kuchungulia zizi la watu. Nilijiona nimeonewa.

Nani alikuja kunifumbua macho? Ni wewe, hata meno hayajakujaa. Nilikuwa nimekupakata nikikuuliza, pua ya Kemilembe iko wapi? Nawe ukajigusa pua. Sikio la Kemilembe liko wapi? Ukagusa sikio. Nikauliza tena pua, ukacheka ukaigusa tena. Hapo ikanijia. Mimi najua pua yako ilipo. Siiulizii kwa kuitaka. Nauliza ili nione kama umesikia, na ili nifurahi ukijibu.

Kumbe yule bwana mwenye pua ya kubabuka hakuwa na haja na ng'ombe wetu! Angewapeleka wapi? Alitaka kusikia neno likitoka mdomoni mwangu, hilo tu. Angeniuliza habari ya vijiko ingekuwa sawa kwake. Mimi nikalinda zizi ambalo hakuna aliyekuja kulivamia, na aliyebaki nje ni mimi. Nililia siku ile, ukanigusa pua yangu ukidhani ni mchezo.

Sasa utaniuliza, kama mama ulikwisha kulijua hilo, mbona hukuniambia mapema? Hapo ndipo ninapojichukia. Nilidhani kwa kuwa umezaliwa huku kwenye kibanja cha kahawa na ndizi, jambo hilo halikukuingia. Nilisahau kila likizo nilikupeleka mwenyewe kwa babu yako, ukakaa naye kwenye moshi wa zizi, ukasikia anavyowajibu wageni. Nilikufundisha Kiingereza kwa mkono huu, na kwa mkono huu nikakupeleka ukafundishwe kunyamaza.

Nimefikiri nikuambie useme uongo kama Paulina. Useme kumi, wasichana wengine wapite nyuma yako, yaishe. Juzi usiku mzima neno hilo lilikuwa kwenye ulimi wangu, nikashindwa. Kwanza hutaweza. Wewe ni kama mimi, uongo ukikufika kooni unakwama na macho yanauonyesha. Tena sitaki siku yako ya kwanza huko uianze kwa kumtia babu yako mdomoni kitu anachokikataa. Lakini kukuambia unyamaze nayo siwezi. Nimeshaona kimya kinampeleka mtu wapi.

Kwa hiyo jana, ulipokuwa kisimani, nilikwenda kwa babu yako. Nilimkuta nje anamtoa kupe ndama. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia bila kugeuka.

"Tata," nikamwambia, "Kemilembe ataulizwa ng'ombe wako."

"Na nani?"

"Na mwalimu mkuu."

"Yeye ana wangapi?"

"Hana, Tata. Ni wa shule."

"Basi asiye na ng'ombe anawataka wa mwenzake wa nini?"

Nikamweleza, na jinsi nilivyomweleza nikapandisha sauti, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele yake. Nikamwambia na habari za mkaguzi, na kicheko cha darasa, na kwamba sikuchoka na shule hata kidogo. Hakuwa anajua. Miaka yote hiyo hakuwa anajua! Akamwachilia ndama, akajifuta vidole kwenye majani.

"Ulisema umechoka," akasema.

"Ningesemaje? Kwamba nimeachwa kwa ajili ya ng'ombe wako?"

Akamtazama ndama akienda. Kisha akasema, "Wangu hawahesabiwi." Halafu, "Mlete mtoto aniage." Akaondoka kuwafuata wanyama wake, na mimi nikarudi Chonyonyo nikilia kwa hasira njia nzima, watu wakinipa pole ya msiba.

Ndiyo maana leo umekwenda peke yako. Mimi nisingeweza kukaa naye bila kugombana. Na hapa nilipofika sina la kukuambia, mwanangu. Nilianza barua nikidhani nikiandika jibu litajitokeza lenyewe. Halikujitokeza. Nasikia mbwa anabweka, nadhani ni wewe.

*

Nimerudi kuandika. Wewe unaoga, bibi yako anakusugua mgongo kama mtoto mchanga na unalalamika, nawasikia.

Uliingia uani miguu imejaa mavi ya ng'ombe na nguo zinanuka moshi. Hukunisalimu. Ulisimama pale pale ulipochorea mavumbini ukasema, "Mama, babu amenipa mtamba."

"Amekupa nini?"

"Mtamba. Amemtoa katikati ya wengine akanishika mkono akauweka mgongoni kwake."

Bibi yako akatupa kisu cha ndizi. "Mtamba mzima? Wa rangi gani?"

"Bihogo. Mwekundu wa kuiva, ana baka jeupe begani."

"Yule mzee!" bibi yako akasema. "Mgomvi yule! Hata maziwa ya kuonja hajawahi kunipa!"

Nikakuuliza babu alisemaje. Ukasema hakusema mengi. Alisema, "Wangu hawahesabiwi. Huyu ni wako. Mmoja hana hesabu, mtaje." Kisha akakuagiza uniambie mimi, mama yako, kwamba na mimi ningemwambia siku ile ile, asingekubali yaishe hivyo.

Nikageukia moto nikajifanya moshi umeniingia machoni. Halafu nikajikaza, nikakuuliza kwa Kiingereza changu cha hevu, ambacho bibi yako hucheka kila akikisikia, babu yako ana ng'ombe wangapi?

Hukutazama vidole vya miguu. Ulinitazama mimi. Ukajibu kwa Kiingereza, bila haraka, kwamba babu yako ana ng'ombe wengi. Kisha ukasema, "I have one cow."

"Amesema nini?" bibi yako akauliza.

"Amesema ana ng'ombe mmoja."

"Si anaye kweli? Sasa hapo mtihani uko wapi?"

Tukacheka, na ulicheka na mimi, mara ya kwanza tangu juzi. Nisamehe ule ungo.

Sitakuficha kwamba kuna kitu kidogo bado kinanichoma. Mimi ni mtoto wake wa kumzaa na hakunipa hata ndama wa kiume. Tena ng'ombe wa mahari yangu wako zizini kwake, mimi ndiye niliyemletea! Nitamgombeza tena, lakini wewe ukishafika shule salama. Kwa sasa nitakwenda kumtazama huyo Bihogo wako, nimpeleke chumvi, nimwambie mwenyewe yuko masomoni.

Sijui kama mama mkuu atauliza ng'ombe. Pengine atauliza viatu, au mvua, au umekula nini njiani, na wewe utajua kutazama neno linafuatwa na nini. Lolote atakalouliza, kumbuka anakuuliza kama nilivyokuuliza pua. Hakuja kuchukua kitu. Mtaje Bihogo ukitaka, ni wako, hakuna wa kukukataza.

Siku ambayo lori litakuwa linarudi nitakuwa Omurushaka kabla halijafika. Nitawaambia watu nimekuja kuuza kahawa. Litasimama, watashuka watu na mizigo yao, na nitatazama kila sanduku linaloteremshwa. Nikiona sanduku lako, nitakupokea, nitalibeba mimi kichwani, na hutapinda njia ya migombani hata siku moja, nasema kweli. Lakini nitasimama pale mpaka lori liwe tupu, Kemilembe, na dereva aniulize, mama, unangoja nani? Nami nitamjibu kwa sauti mpaka wenye maduka wageuke: nina binti yuko shule.

Mama yako,
Agnesi